KOVU LIMEPONA, LAKINI JE, MATIBABU YAMEKWISHA?

Mgonjwa wa saratani ya matiti aliyefanyiwa upasuaji ana uamuzi mmoja mzito mbele yake. Soma makala haya kabla hujasema ndiyo au la

WAHENGA walinena kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Methali hii huwahusu wengi, lakini hakuna inaowafaa zaidi kuliko wagonjwa wa saratani waliotoka hospitalini wakiwa na kidonda kilichofungwa vizuri, huku mkononi wana barua ya kuwataka warudi kwa matibabu mengine.

Hebu tuchukue mfano wa mama mmoja wa miaka 52, mkazi wa Kayole, Nairobi, auzaye mboga kando ya barabara. Aligundua uvimbe katika titi la kushoto, akapimwa, akaambiwa ni saratani. Jamaa walichanga, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Daktari mpasuaji akamwambia: "Mama, tumeutoa uvimbe wote." Sasa ni wiki ya nne. Kidonda kimekauka, nguvu zimerudi, naye anatamani kurejea kibandani.

Lakini ile barua inasema aende kliniki ya saratani kuzungumzia dawa na miale. Nyumbani maoni yamegawanyika. Shemeji yake anasema pesa za harambee zimekwisha na hakuna wa kuombwa tena. Dada yake anakumbuka jirani aliyenyonyoka nywele zote kwa dawa hizo na bado akazikwa. Mtu mwingine ameleta mitishamba ndani ya chupa ya soda. Naye mama mwenyewe anauliza swali moja tu: "Kama uvimbe wote umetoka, ninaenda kutibiwa nini?"

Mama huyu ni wa mfano, lakini swali lake huulizwa katika nyumba nyingi. Ni swali la busara, na linastahili jibu kamili. Katika makala ya leo tutalijibu hatua kwa hatua tukitumia saratani ya matiti, kwa kuwa ndiyo inayopata wanawake wengi zaidi nchini Kenya.

KISU HUONDOA KINACHOONEKANA

Uvimbe wa saratani wenye upana wa sentimita moja huwa na mamia ya mamilioni ya seli. Daktari mpasuaji huondoa uvimbe huo pamoja na nyama kidogo inayouzunguka. Anaposema ameutoa wote, anasema kweli: uvimbe alioweza kuuona na kuushika ameutoa.

Tatizo ni kwamba kabla ya siku ya upasuaji, huenda seli chache zilikwisha kuchomoka na kusafiri kwa njia ya damu au kupitia tezi za kwapani. Seli hizo zinaweza kutulia katika mfupa, ini au mapafu. Ni ndogo mno. Hakuna picha ya eksirei wala ya CT inayoweza kuona seli chache namna hiyo. Zinaweza kulala kimya kwa miaka miwili, mitano au hata zaidi ya kumi, kisha zikaamka.

Kwa hivyo matibabu ya baada ya upasuaji hayatibu uvimbe uliotolewa. Yanawinda kile ambacho huenda kimebaki bila kuonekana. Neno "huenda" ndilo kiini cha mambo yote. Kuna mgonjwa ambaye hakubakiwa na kitu, na kuna aliyebakiwa. Wote wawili hujisikia wazima, na wote wawili kovu lao limepona vilevile.

Tukiwa hapo, tuondoe uvumi mmoja. Wako wanaosema kwamba kisu ndicho kinachoitapanya saratani, ati hewa ikiigusa inakasirika na kuenea. Si kweli. Saratani ikirudi baada ya upasuaji, kwa kawaida ni kwa sababu seli zilikuwa zimesafiri mapema. Uvumi huu umewafanya watu wengi kuchelewa hadi ugonjwa ukapita uwezo wa kisu.

MADAKTARI WALIVYOJIFUNZA JAMBO HILI

Hata madaktari hawakulijua jambo hili kwa urahisi. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted, mpasuaji mashuhuri wa Baltimore, Marekani, alifundisha kuwa dawa ya saratani ya matiti ni kukata kwa mapana: titi lote, tezi za kwapani na misuli ya kifua. Kwa miongo mingi wapasuaji wa dunia nzima walimfuata. Wanawake walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba, na bado wengi walifariki baada ya miaka kadhaa, si kwa ugonjwa wa kifuani bali wa mifupa, ini na mapafu.

Mwaka 1971, mpasuaji mwingine wa Marekani, Bernard Fisher wa Pittsburgh, alianza kulinganisha upasuaji huo mkubwa na upasuaji mdogo zaidi miongoni mwa wanawake zaidi ya 1,600. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka 25. Waliokatwa sana hawakuishi zaidi ya wengine. Somo lilikuwa wazi: mgonjwa ambaye seli zimekwisha kusafiri hataokolewa kwa kuongeza ukubwa wa kidonda.

Mwaka 1976, Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alitangaza matokeo ya jaribio la dawa. Wanawake wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji, na wote walikutwa na saratani katika tezi za kwapani. Wanawake 179 hawakupewa dawa nyingine. Wengine 207 walipewa mchanganyiko wa dawa tatu za kuua seli za saratani. Baada ya miezi 27 hivi, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya wale wasiopewa dawa, na kwa asilimia 5 tu ya waliopewa.

Bonadonna hakuishia hapo. Aliwafuatilia kwa karibu miaka 20 na kuchapisha matokeo mwaka 1995. Pengo lilikuwa limepungua, kwa kuwa baadhi ya waliotibiwa nao walirudiwa baadaye, lakini halikutoweka. Dawa zilikuwa zimepunguza hatari ya kurudiwa kwa thuluthi moja hivi, na hatari ya kufa kwa robo hivi. Huo ndio msingi wa barua aliyopewa mama wa Kayole.

ISOME RIPOTI YA MAABARA

Uvimbe ukitolewa hupelekwa maabara, ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Ripoti inayotoka huko ndiyo ramani ya uamuzi wako. Wagonjwa wengi huiweka kabatini bila kuisoma. Itoe, uende nayo kwa daktari, umwombe akueleze mambo haya matano:

Kwanza, ukubwa wa uvimbe. Wa sentimita moja na wa sentimita tano si sawa.

Pili, tezi za kwapani. Ni ngapi zilizopimwa, na ngapi zilizokutwa na saratani? Tezi zikiwa na saratani, ni ishara kwamba seli zilikuwa zimeanza safari.

Tatu, kingo. Je, nyama iliyozunguka uvimbe ilikuwa safi, au saratani ilifika hadi ukingoni palipokatwa? Ikiwa ilifika ukingoni, huenda ukahitaji upasuaji mwingine mdogo au miale.

Nne, daraja la seli, kuanzia 1 hadi 3. Daraja la 1 ni seli za mwendo wa polepole. La 3 ni za kasi. Usichanganye daraja na hatua ya ugonjwa, kwa maana hatua hueleza saratani imefika wapi mwilini.

Tano, vipokezi. Seli nyingine za saratani hulishwa na homoni za kike, na ripoti itasema zina vipokezi vya homoni. Nyingine zina protini nyingi iitwayo HER2, inayozichochea kukua haraka. Nyingine hazina chochote kati ya hivyo. Aina hii ya mwisho huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika kuliko kwa Wazungu.

Ikiwa ripoti yako haikutaja vipokezi, uliza kama kipimo hicho kilifanywa. Kuamua juu ya dawa bila kukijua ni sawa na kununua kiatu bila kujua kipimo cha mguu.

MATIBABU YENYEWE NI YAPI?

Kuna aina nne kubwa, na si kila mgonjwa anazihitaji zote.

Miale. Hii hulenga mahali pale pale palipofanyiwa upasuaji. Mwanamke aliyeondolewa uvimbe tu huku titi likabaki, kwa kawaida hushauriwa kupigwa miale. Fisher alionyesha sababu yake. Katika jaribio lake jingine, lililofuatilia wanawake kwa miaka 20, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa asilimia 39 ya wasiopigwa miale, na kwa asilimia 14 ya waliopigwa. Aliyeondolewa titi lote huenda asiihitaji, ila kama uvimbe ulikuwa mkubwa au tezi zilikuwa na saratani. Mgonjwa huchoka, na ngozi huwa nyeusi au kuchubuka. Zamani miale ilichukua wiki tano au zaidi. Siku hizi wagonjwa wengi hupewa vipindi 15 kwa wiki tatu.

Kemotherapi. Hizi ni dawa kali zinazoingizwa mshipani na kuzunguka mwili mzima. Kwa kawaida hutolewa kila wiki mbili au tatu, kwa miezi mitatu hadi sita. Nywele hunyonyoka, kisha huota tena. Kichefuchefu kipo, lakini dawa za kukizuia ni bora sana kuliko zile za miaka iliyopita. Hatari kubwa ni kupungua kwa chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Mgonjwa wa kemotherapi akipata homa ya digrii 38 au zaidi asingoje kupambazuke. Aende hospitalini saa hiyo hiyo. Dawa nyingine zinaweza kudhoofisha moyo au kufanya vidole kufa ganzi, na mwanamke kijana anaweza kukoma hedhi mapema. Ikiwa unatarajia kupata mtoto, lizungumzie jambo hilo kabla ya dawa ya kwanza, si baada yake.

Vidonge vya kuzuia homoni. Hivi ni vya wale tu ambao saratani yao ina vipokezi vya homoni. Kinachojulikana zaidi ni tamoxifen, ambacho humezwa mara moja kwa siku kwa angalau miaka mitano, na wengine hushauriwa kuendelea hadi kumi. Miaka mitano ya tamoxifen hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa karibu thuluthi moja katika miaka 15 inayofuata. Aliyekwisha kukoma hedhi anaweza kupewa aina nyingine, kama letrozole au anastrozole. Tamoxifen huleta joto la ghafla mwilini. Mara chache husababisha damu kuganda mishipani au saratani ya mji wa mimba, kwa hiyo ukitokwa na damu baada ya kukoma hedhi mwambie daktari upesi. Letrozole na anastrozole huchosha viungo na kudhoofisha mifupa.

Dawa za kulenga HER2. Trastuzumab ndiyo ya kwanza na inayojulikana zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa ikitolewa pamoja na kemotherapi au baada yake, hupunguza hatari ya saratani hiyo kurudi kwa karibu nusu. Hutolewa kwa mwaka mmoja, na moyo hupimwa mara kwa mara. Haimsaidii mtu ambaye saratani yake haina HER2 nyingi.

FANYA HESABU YA WANAWAKE 100

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukwama. Daktari anakwambia, "Dawa hii itapunguza hatari kwa thuluthi moja." Je, hiyo ni faida kubwa au ndogo? Jibu ni kwamba inategemea hatari uliyokuwa nayo mwanzoni. Tufanye hesabu mbili. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, daktari wako atakupa zinazokuhusu wewe.

Kundi la kwanza ni wanawake 100 wenye hatari ndogo. Bila dawa, 9 watarudiwa na saratani. Ukipunguza thuluthi moja, watarudiwa 6. Hivyo kati ya 100 waliovumilia dawa, 3 wameokolewa na kurudiwa. Wengine 91 hawangerudiwa hata bila dawa, na 6 wamerudiwa ingawa walitibiwa.

Kundi la pili ni wanawake 100 wenye hatari kubwa. Bila dawa, 45 watarudiwa. Ukipunguza thuluthi moja, watarudiwa 30. Hapa waliookolewa ni 15. Wengine 55 hawangerudiwa kamwe, na 30 wamerudiwa ijapokuwa walitibiwa.

Dawa ni ile ile na thuluthi ni ile ile, lakini faida moja ni watu 3 na nyingine ni watu 15. Ndiyo maana haifai kuamua kwa kuiga shoga yako uliyelazwa naye wodini. Yeye anaweza kuwa wa kundi la kwanza na wewe wa kundi la pili.

Hesabu hii pia inatueleza habari za majirani. Yule aliyenyonyoka nywele na bado akafariki alikuwa miongoni mwa wale 30. Kifo chake hakithibitishi kwamba dawa ni bure. Na yule shangazi wa kijijini aliyekataa dawa na bado analima shamba lake alikuwa miongoni mwa wale 55. Uzima wake nao hauthibitishi kwamba dawa hazihitajiki. Wale 15 waliookolewa hatuwezi kuwaonyesha kwa kidole, kwa maana hata wao wenyewe hawajui kuwa waliokolewa. Wanajiona wazima tu kama wale 55.

Kwa hiyo unapozungumza na daktari, usitosheke na kuambiwa "thuluthi" au "nusu". Mwulize: "Kati ya wanawake 100 walio kama mimi, ni wangapi watarudiwa bila dawa, na ni wangapi wakitumia dawa?"

WAKATI MWINGINE JIBU NI LA

Ni kosa kudhani kwamba matibabu mengi ndiyo bora siku zote. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha wagonjwa ambao wanaweza kuepushwa na baadhi ya matibabu.

Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliosajili wanawake zaidi ya 10,000 wenye saratani yenye vipokezi vya homoni, isiyo na HER2 nyingi, na isiyofika kwenye tezi. Uvimbe wao ulifanyiwa kipimo cha vinasaba kinachotoa alama za hatari. Waliopata alama za katikati na waliopita miaka 50 hawakupata faida ya kemotherapi, mradi wanameza vidonge vya homoni. Kipimo chenyewe ni ghali na hakipatikani kila mahali, lakini somo lake linafaa kujulikana: homoni zikiwapo na tezi zikiwa safi, mjadala wa kemotherapi uko wazi.

Vilevile mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wanawake 1,326 waliotimiza miaka 65 au zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimita 3, tezi safi na vipokezi vya homoni. Wote waliondolewa uvimbe na kupewa vidonge. Nusu walipigwa miale, nusu hawakupigwa. Baada ya miaka 10, saratani ilirudi titini kwa asilimia 0.9 ya waliopigwa miale na asilimia 9.5 ya wasiopigwa. Lakini idadi ya waliokuwa hai ilikuwa sawa, karibu asilimia 81 kila upande. Nyanya wa miaka 75 mwenye maradhi ya moyo anaweza kuitazama hesabu hiyo na kuamua kutopigwa miale, na asilaumiwe na mtu.

Tofautisha hata hivyo kukataa kwa hesabu na kukataa kwa woga. Anayekataa kwa hesabu amesoma ripoti yake, ameuliza faida na madhara, na anaendelea kuonwa kliniki. Anayekataa kwa woga hutoweka, akarudi baada ya miaka miwili na maumivu ya mgongo.

Na mitishamba je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti, hatari ya kufa ya wale wa kwanza ilikuwa zaidi ya mara tano ya wenzao. Ikiwa unatumia mitishamba pamoja na dawa, usimfiche daktari, kwa sababu baadhi huumiza ini au kugongana na dawa. Mficha uchi hazai.

Maombi nayo hayagombani na dawa. Ombewa, kisha uende kliniki.

SAA INAKWENDA

Uamuzi huu hauhitaji kufanywa usiku mmoja. Una muda wa kupona kidonda, kusoma ripoti na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Lakini muda huo una mwisho. Kemotherapi kwa kawaida huanza wiki nne hadi nane baada ya upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliochelewa kuianza kupita siku 90 waliishi muda mfupi kuliko walioanza mapema, hasa wale ambao saratani yao haina vipokezi vya homoni wala HER2. Andika tarehe ya upasuaji kwenye kalenda, uhesabu siku 90, uizungushie duara.

Pesa ndizo huwachelewesha wengi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Hakikisha umesajiliwa na mchango wako unafanya kazi kabla ya siku ya kliniki. Fahamu kwamba kuna kiwango cha juu cha fedha za saratani kwa kila familia kwa mwaka. Hivyo omba hospitali ikuandikie mpango wa matibabu yote na gharama zake, ujue ni wapi fedha zitatosha na wapi zitapungua. Kuanza dawa na kuziacha katikati kwa kukosa nauli au malipo ni hasara mara mbili. Ikiwa kuna harambee ya pili, ifanywe mwanzoni, si pesa zikishakwisha.

Zamani mgonjwa wa hospitali ya umma aliyehitaji miale alikuwa na Hospitali Kuu ya Kenyatta pekee, na foleni yake ilikuwa ndefu. Sasa mashine ziko pia katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na katika miji kama Nakuru na Mombasa. Uliza ni wapi foleni ni fupi.

Na ukianzishiwa vidonge vya homoni, usiviache kwa kuwa unajiona mzima. Ni vya bei nafuu, na ndivyo rahisi kuliko vyote kusahauliwa. Joto likikusumbua, mwambie daktari abadilishe dawa badala ya wewe kuacha kimyakimya.

NANI ANAAMUA?

Katika jamii zetu ugonjwa ni wa familia nzima, na ni vyema iwe hivyo. Lakini mwenye mwili ni mmoja. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Inampa pia haki ya kukataa. Mume, kifungua mimba au shemeji anaweza kushauri na kuchanga, lakini hawezi kuamua kwa niaba ya mtu mwenye akili timamu.

Nenda kliniki na mtu mmoja unayemwamini, na karatasi yenye maswali haya:

1. Saratani yangu ilikuwa hatua gani, daraja gani, na ina vipokezi gani?

2. Kati ya watu 100 walio kama mimi, wangapi watarudiwa nisipoendelea na matibabu, na wangapi nikiendelea?

3. Je, matibabu haya ni ya kuniponya, au ni ya kupunguza makali tu?

4. Ni madhara gani ya muda, na ni yapi ya kudumu?

5. Itachukua miezi mingapi, nitafika hapa mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani?

6. Ni lini tarehe ya mwisho ya kuanza bila kupoteza faida?

7. Nikikataa sehemu moja, kwa mfano kemotherapi, je, nyingine bado zitanifaa?

Tumrudie mama wa Kayole. Tuseme ripoti yake inaonyesha uvimbe wa sentimita 3, daraja la 3, tezi 4 kati ya 14 zenye saratani, vipokezi vya homoni vipo, HER2 si nyingi. Mtu huyu hayuko katika kundi la hatari ndogo. Tezi nne zimesema wazi kwamba seli zilikuwa safarini. Daktari atamshauri kemotherapi, kisha miale, kisha vidonge kwa miaka kadhaa, na hesabu iko upande wa ushauri huo. Lakini kama ripoti hiyo hiyo ingesema sentimita moja, daraja la 1 na tezi zote safi, huenda mazungumzo yangekuwa juu ya vidonge peke yake.

Kovu la kifuani ni lile lile katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni karatasi iliyo kabatini. Msomaji mpendwa, ikiwa wewe au jamaa yako ametoka kwenye upasuaji, itoe karatasi hiyo leo.